Mzazi wa Chumba cha Nyuma

Chumba cha nyuma nyumbani kwetu kina dirisha moja, na dirisha hilo linatazama ukuta wa jirani. Marehemu baba alipokijenga alitaka kiwe stoo ya magunia na matairi, kwa sababu yeye, kama baba yake, alikuwa mtu wa malori, na hakuona gunia lina haja gani ya kuona nje. Kwa zaidi ya miaka miwili sasa chumba hicho kina mtu. Ninapoandika haya namsikia akikohoa, na kila akikohoa naacha kuandika, nasikiliza kama ni kikohozi cha vumbi au ni kile kingine. Nyumba nzima tumekuwa watu wa kusikiliza. Tunachokiogopa ni kimoja: moyo wake usije ukazimika humo ndani, wakati sisi wenyewe ndio tuliomfungia mlango.

Aliletwa na ndugu yangu. Ndugu yangu huendesha lori la mbuzi kutoka Moyale kushuka huku Isiolo, na alasiri moja alirudi akaliingiza lori uani kinyumenyume, jambo ambalo hathubutu kulifanya, kwa kuwa mama hataki mavi ya mbuzi uani kwake. Nilitoka nimejiandaa kumtukana. Akafungua nyuma, na katikati ya mbuzi nikamwona msichana amekaa juu ya turubai, tumbo liko mbele yake, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

"Mama," ndugu yangu akaita, "nimekuletea mtu ya gosa yako."

Gosa ni ukoo. Mama yetu ni Mborana aliyeolewa na nyumba ya Wasomali, wale ambao babu zao waliletwa na Waingereza wakiwa askari, na vita vilipokwisha wakaachwa hapa. Yule msichana alikuwa Mborana wa ng'ambo ya mpaka. Hakuwa na mzigo, hakuwa na karatasi yoyote. Alichokuwa nacho ni majina ya baba zake. Alisimama pale uani, mkono kiunoni, akaanza kuyataja, baba, babu, baba wa babu, mama akiitikia kwa kichwa, na kabla hajafika mwisho mama alikuwa ameshanituma chai. Kwa mama mambo yalikuwa yamekwisha hapo. Mtu wa gosa akija na majina yake yakakubalika, huyo ni mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba haulizwi atakaa mpaka lini.

Mimi ndiye niliyeuliza, baadaye, jikoni, kwa sauti ya chini. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nikiogopa ndipo hukasirika zaidi. Nilimwuliza ndugu yangu amepitaje vizuizi vyote vile vya polisi na mwanamke mjamzito nyuma ya lori.

"Walihesabu mbuzi," akasema. "Mbuzi ilikuwa sawa."

Habari zake tulizipata kidogokidogo. Mapigano yalifika kwao, wakakimbia, kisha mume wake akageuka kumfuata baba yake mzee aliyebaki, akamwambia tangulia. Simu ya mume iliita mara ya kwanza, halafu ikaacha kuita kabisa. Zaidi ya hapo hakusema, na mama alinikanya nisimchimbe.

Mtu aliyevuka mpaka anatakiwa kujiandikisha, hilo tulilijua. Lakini akishajiandikisha makazi yake ni kambini, na kambi ziko mbali sana na Isiolo, na njia nzima kuna vizuizi ambavyo inakubidi uvipite bila karatasi ili ukapewe karatasi. Tukasema ajifungue kwanza. Sisi watu wa nyumba hii tunajua karatasi ni kitu gani. Tumezaliwa Isiolo na tunazikana Isiolo, lakini kila mmoja wetu alipotaka kitambulisho alipigwa msasa mbele ya maafisa na wazee, aeleze babu yake alikuja hapa na nani. Nilipokipata changu nilikitia mfuko wa ndani wa mkoba, na hadi leo hakitoki humo bila sababu.

Alijifungua mtoto wa kike katika chumba kile kile, mikononi mwa mkunga wa mtaa. Hospitali ipo hapa hapa mjini, wala si mbali, lakini hospitali huuliza maswali, na sisi hatukuwa na majibu. Mtoto alilia mara moja, mama akapiga vigelegele kisha akakumbuka tunamficha mtu, akajiziba mdomo. Nami nilicheka na kulia, ingawa sikuwa nimepanga kumpenda mtu yeyote katika jambo lile.

Kwetu mwanamke akijifungua hatoki nje mpaka arobaini yake iishe. Anaitwa mzazi, na mzazi ana chumba chake, chakula chake, ubani wake, na watu wake wa kumtumikia. Hapo ndipo mama alipopata wazo ambalo sote tulilisifu. Majirani walikuwa wameanza kuulizia yule mgeni, mbona hatoki, mbona haonekani dukani wala kisimani. Sasa jibu lilipatikana. "Ni mzazi," mama alisema, na neno hilo lilitosha kwa kila mtu, hata kwa mzee wa mtaa, ambaye akiona pazia la mzazi hugeuza uso akasalimia kutoka getini. Hakuna ukuta ungeweza kutufichia mtu vizuri kuliko arobaini. Kwa mara ya kwanza tangu lori lile liingie uani nililala usingizi wa kutosha.

Mama alijitupa katika kazi ile kwa nguvu zake zote. Alisema msichana amekuja mifupa mitupu na hatatoka nyumbani kwake hivyo. Asubuhi chai ya maziwa ya ngamia, halafu supu ya mifupa yenye chumvi ya kutosha, halafu nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaushwa na kuhifadhiwa katika samli, halafu uji uliopakwa samli juu, halafu maziwa tena. Mimi ninayeuza madera mjini nilirudi jioni nikakuta mama amechoka, sufuria zimejaa, na mimi nimewekewa sukuma wiki ya jana.

"Mama, na sisi tusiozaa tule nini?" nilimtania.

"Zaa, nikupikie," akanijibu.

Nilirudi kwa mama baada ya ndoa kunishinda, bila mtoto. Nalitaja hili kwa sababu lina kazi yake katika habari hii. Katika chumba cha mzazi, mwanamke ambaye hajazaa hubeba maji, hufagia, hushika mtoto wakati wengine wanakula, lakini neno lake halina uzito. Wanawake walipokuja kumtazama mzazi walikaa kwenye mkeka, na mimi nilikaa karibu na mlango na birika.

Na walikuja wengi. Mila inataka wamsifu. "Salaam aleikum, salaam aleikum," halafu wanamshika shavu. "Masha'Allah, amenona! Ona mkono! Ona mguu!" Kweli alikuwa amenona. Uso ulikuwa umekuwa mviringo, macho yamekuwa madogo, vikuku alivyopewa na mama vilikuwa vimeng'ang'ania mkononi. Mama alikuwa akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo, kwa sababu zile zilikuwa sifa zake yeye. Mzazi aliyenona ni heshima ya nyumba iliyomlisha. Mtu aliyefika amekonda kutoka vitani akawa namna ile mikononi mwake, nani angemwambia mama kitu?

Lakini mimi nilikuwa namwona saa ambazo wageni hawakuwapo. Mchana jua likiwa kali, nyumba nzima ikiwa imelala, nilipita mlangoni nikamkuta amekaa. Siku zote amekaa. Mgongo ukutani, mito miwili nyuma yake, mdomo wazi kidogo, mtoto amelala kando. Nikamwambia lala na wewe, akatabasamu, akasema hana usingizi. Akienda msalani, hatua chache tu, alirudi akihema. Usemi wake nao ulikuwa umekatika vipande vifupi. Na alikuwa anakohoa. Mama akaongeza ubani, kwa sababu moshi wa ubani husafisha kifua cha mzazi, na moshi ulipozidi akakohoa zaidi.

"Mama, yule halali," nilisema.

"Ananyonyesha. Wewe utajua nini?"

"Anahema kama amekimbia."

"Ni damu mpya inaingia. Mzazi hukaa hivyo." Akaniangalia kutoka chini mpaka juu. "Ama wewe umezaa lini?"

Ningemjibu, ningemwumiza, na mkunga alikuwa amekaa hapo hapo akitikisa kichwa kukubaliana naye. Nilitoka nikaenda zangu dukani nikiwa nimefura kwa hasira, nikamfokea mteja aliyetaka dera la rangi ya zambarau.

Arobaini ilipokaribia mama aliagiza dera jipya kutoka dukani kwangu, la buluu bahari, zuri kuliko yote niliyokuwa nayo, na akamwita msichana wa hina. Siku ya kutoka mzazi hupambwa, akavaa nguo mpya, akapelekwa nyumba ya mtu wa kheri kula huko chakula chake cha kwanza cha nje. Mama alikuwa ameshachagua nyumba. Ilikuwa mtaa wa pili tu, tungetembea kwa miguu katikati ya wanawake wengi, na katika wanawake wengi wa buibui hakuna anayehesabu nani ni nani.

Msichana wa hina alianza na mikono, vidole vyote mpaka kucha, hina nyeusi kabisa. Ilipofika zamu ya miguu, mzazi hakuweza kuinama, basi nikaambiwa nikae chini niushike mguu wake mapajani mwangu usitikisike. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu kama mimi. Niliushika. Ulikuwa mzito na baridi, ngozi imevutika inang'aa. Msichana wa hina akachora ua la kwanza, akaniambia nisogeze kidole changu gumba pale nilipokuwa nimeshika, apate nafasi. Nikakiondoa.

Shimo likabaki.

Nilitazama nikidhani ni kivuli. Nikabonyeza tena, juu kidogo, kwenye muundi, nikahesabu pumzi zangu, nikaondoa kidole. Shimo jingine, linakaa tu, kama umebonyeza unga wa chapati. Msichana wa hina akaacha kuchora. Mama, aliyekuwa akimshika mtoto, akasogea kuangalia.

"Ni samli hiyo," akasema, lakini polepole.

"Mama, hii si samli!" nilipiga kelele, na sikujali nani ananisikia. "Haya ni maji! Huyu mtu amejaa maji!"

Hapo ndipo mzazi mwenyewe akasema, kwa Kiborana, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Ayyo," alimwambia mama, maana ndivyo alivyomwita, mama yangu, "nikilala nazama."

Mama akamwuliza kwa nini hakusema. Jibu lake bado linanichoma kila nikilikumbuka. Alisema, "Mlinitoa kwa mbuzi mkanilisha. Wanawake wote wanakuja wanasifu. Ningesemaje chakula chenu kinaniziba pumzi?"

Kwao, kama kwetu, mgeni haonyeshi kidole bakuli alilopewa. Alikuwa amekula kila kitu, kila siku, supu na chumvi yake, maziwa, nyama, akajua kwamba kinamdhuru, akamaliza bakuli akasema alhamdulilahi. Na sisi tuliona bakuli tupu tukajaza jingine.

Nilidhani mama atakimbia kutafuta gari. Hakukimbia. Alikaa, mtoto mapajani, akasema arobaini haijaisha, imebaki kidogo tu, mzazi hatolewi kabla. Halafu akasema polisi. Halafu akasema hospitali watauliza. Sababu zake zilikuwa za kweli zote, na ndiyo sababu nilizidi kuchemka. Tulikuwa tumejenga ukuta mzuri sana wa kumficha mtu, tukasahau kuweka mlango. Nilimwambia mama kwamba akitaka kungoja arobaini angoje, lakini hiyo itakuwa arobaini ya matanga. Nilisema neno baya mbele ya mtoto mchanga, nalijua. Mama akasimama, akavaa buibui yake bila kunitazama, na mimi nikatoka barabarani kuita tuktuk.

Hospitalini muuguzi, mama mmoja Mmeru mwenye sauti ya kuamrisha, alimtazama mara moja tu akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Akambana kidole kwa kile kidude cha kupima hewa ya damu. Hakikusoma. Akajaribu kidole kingine, na kingine.

"Hii hina imefunga taa yote," akasema. "Nani alipaka mgonjwa hina?" Akakitoa akakibana kwenye ndewe ya sikio. Sasa kikasoma, na alipoona kilichosomwa hakuuliza tena habari za hina, alimsukuma ndani mbio, nasi nyuma yake na mtoto.

Alipokwisha kumwekea oksijeni alirudi kwetu. "Shosho," alimwambia mama, "kitambulisho ya mgonjwa iko wapi?"

"Huyu ni mtoto yangu," mama akajibu.

"Sawa. Kitambulisho ya mtoto yako."

Mama aligeuka akanitazama mimi. Umri wangu na wa mgonjwa haukupishana sana, sura za Isiolo zinafanana, na mkoba ulikuwa begani kwangu. Nilihisi kitambulisho changu mle ndani kana kwamba kina uzito wa jiwe. Nikafikiri: akilazwa kwa jina langu akafa, aliyekufa ni mimi. Nitakwenda kumwambia nani kwamba mimi ni mzima, mimi ambaye nilihojiwa habari za babu yangu ili tu nikubaliwe kwamba nimezaliwa? Na nikafikiri pia: nisipokitoa, akafa? Niliushika ule mkoba kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa linanitoka na pale palikuwa na feni.

"Hana," nikasema. "Ametoka ng'ambo. Hana karatasi yoyote."

Mama akafumba macho. Muuguzi akatutazama mmoja mmoja, halafu akatazama kule kitandani.

"Basi atibiwe kwanza," akasema. "Mambo ya karatasi tutaona."

Walimpa dawa ya kutoa maji, na alikojoa mpaka tukashangaa. Jioni ya pili nilimkuta amelala chali, gorofa, mdomo umefungwa, amelala usingizi wa kweli. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Nikakaa chini kwenye sakafu ya wodi nikalia kwa furaha. Nyumbani, siku ile ndiyo ilikuwa arobaini.

Daktari, kijana mpole, alitueleza. Moyo wake umepanuka na kulegea. Huwapata baadhi ya wanawake karibu na kujifungua, na si kosa la mtu. Maji yanarudi nyuma yanajaa miguuni na kifuani. Chumvi huzidisha. Aliposema chumvi, mama aliangalia mikono yake. Dawa atameza kwa muda mrefu, labda miaka, na asishike mimba nyingine. Lakini kwanza, akasema, apigwe picha ya moyo huko Meru, kwa wataalamu, maana bila picha wao wanakisia tu dawa kiasi gani. Akatuandikia barua ya kumpeleka.

Meru iko juu hapo mlimani. Siku ambayo hakuna mawingu unaona njia yake inavyopanda. Ndugu yangu aliazima pikapu, tukampakia mbele na mtoto, mimi na mama nyuma. Kizuizini tukasimamishwa.

"Habari za mchana. Vitambulisho."

Tukatoa vyetu. Polisi akavitazama akavirudisha, akamwinamia aliyekaa mbele. Akaona mtoto, akaona mikono ya hina. Akatabasamu.

"Huyu ni mzazi? Na yeye ni wa wapi?"

Ndugu yangu akampa barua ya daktari. Aliisoma yote, midomo ikisogea. Nilimwona anasoma kweli, hakuwa mtu wa kutafuta kitu. Akaikunja akatupungia sisi wa nyuma tushuke.

"Nimeona ni mgonjwa," alimwambia mama. "Lakini shosho, mimi nikimpitisha, huko mbele kuko na wenzangu. Hao hawatamrudisha nyumbani. Wataenda na yeye kortini, na mtoto. Afadhali mimi nimrudishe sasa. Mpelekeni apumzike."

Alimpungia mkono mtoto alipokuwa akituondoa. Nilitamani awe mkali, anitukane, aombe kitu kidogo, ili nipate mtu wa kumchukia njia nzima ya kurudi. Alikuwa mwema, na kwa wema wake tukageuza gari.

Ndugu yangu alikwenda kuuliza huku na kule. Akaambiwa kote neno lile lile: aende kambini, ajiandikishe, halafu ataombewa ruhusa ya kusafiri kwa matibabu. Tukarudi kwa daktari. Daktari akasema mgonjwa huyu hawezi kusafiri safari ile mpaka apigwe picha ya moyo ajulikane hali yake. Ndugu yangu, ambaye hakuna barabara ya kaskazini asiyoijua, aliketi uani siku ile akachora njia mavumbini kwa kijiti, Garbatulla, Kipsing, kote, na kila njia aliifuta kwa kiatu.

Basi akarudi chumba cha nyuma. Kwa muda mama aliendelea kuwaambia majirani kuwa mzazi amepata homa, anapumzika. Halafu ukaja msako mtaani kwetu wa kutafuta watu wa ng'ambo, wakaingia nyumba kadhaa, yetu wakaipita, wala sijui kwa nini. Jioni ile mama akabadilisha maneno. Alisema mgeni amepona, amekwenda Garbatulla kwa watu wake, ametuachia mtoto mpaka atakapotulia. Majirani waliamini. Walikuja hata kunipongeza, mimi, kwamba Mungu amenipa mtoto wa kulea. Wananiita mama. Mtoto akiwa begani kwangu sokoni ananiita mama, na mimi naitika, na nikirudi nyumbani nampeleka chumba cha nyuma kwa mwenyewe, na siwezi kumtazama machoni.

Dawa nanunua mimi. Mwenye duka la dawa anaamini ni zangu. "Moyo unaendeleaje?" huniuliza, na ananishauri nipunguze chumvi. Mara chache tumemrudisha kwa yule muuguzi, ndani ya buibui yangu, wanamsikiliza kifua wanabadilisha vidonge, wanakisia. Yuko hai. Anashona, anasali akiwa amekaa, anamsuka mtoto wake nywele. Kuna majuma anaonekana mzima kabisa, halafu miguu inajaa na sote tunaanza tena kusikiliza. Dera la buluu bado liko kwenye mfuko wake wa nailoni, limetundikwa msumarini juu ya kitanda. Mama hataki niliuze na mimi sijataka.

Wiki iliyopita geti liligongwa mchana. Mtoto sasa anakimbia, na lugha inamjia kwa pupa, Kiborana cha ndani na Kiswahili cha nje. Akafika getini kabla yangu. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mwanamke mwenye fulana na mkoba, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuulizia wagonjwa na akina mama wenye watoto wadogo ili wasaidiwe. Aliinama akamshika mtoto kidevu.

"Salaam aleikum, mrembo. Mama yuko?"

"Mama hayupo," mtoto akasema.

Hakuna aliyemwambia mbele yangu aseme hivyo. Yule mwanamke akacheka, akanitazama mimi niliyekuwa nakuja nyuma, akasema mtoto wako mjanja, anakukana ukiwa papa hapa. Nami nikacheka. Akauliza kama nyumbani kuna mtu yeyote anaumwa, na aliuliza vizuri, bila haraka, na kwa muda kidogo mdomo wangu ulikuwa wazi. Kutoka chumba cha nyuma hakukuja sauti yoyote. Hakikuja hata kikohozi.

"Hakuna," nikasema. "Sote wazima."

Nilifunga geti nikakimbia ndani. Nilimkuta amesimama nyuma ya mlango, mtandio amejaza mdomoni ameuuma kwa meno, macho yamemtoka, machozi yanatiririka kwa kukibana kile kikohozi. Akautoa, akakohoa, akakohoa mpaka akaketi. Mtoto alikuwa amenifuata, amesimama hajui kama amekosea. Mama yake akamvuta mapajani, akambusu kichwani, akamwambia kwa Kiborana, akivuta pumzi kati ya neno na neno, kwamba amesema vizuri sana, na akija mtu mwingine aseme vivyo hivyo.